Mbwa wa Nyumba Yenye Watoto Hapimwi kwa Mkia

Vijana wa chanjo, kamwene. Wa Rungwe, ugonile. Na wengine wote habari za asubuhi, msinune, salamu zipo za kutosha.

Nimestaafu kushika mbwa. Wenzangu wakistaafu wanapewa saa ya ukutani. Mimi nimeondoka na mikono miwili iliyojaa alama za meno, ukiitazama juani utadhani ni ramani ya barabara za Mkoa wa Mbeya, mpaka zile ambazo hazijajengwa. Mmeniomba niwaandikie mambo ya kazini. Shule mimi niliiona kwa dirishani nikipita na ng'ombe wa baba, kwa hiyo naandika kama ninavyoongea. Nitatia chumvi, na nitatia nyingi, mnanijua. Ila nikifika kwenye habari ya mtoto na mbwa, pale chumvi naweka pembeni. Pale mnyamaze msome.

Kazi nilianzia Iringa mjini, kwenye kampuni moja ya ulinzi iliyokuwa na mbwa. Siku ya kwanza nikaonyeshwa mbwa anaitwa Kanali. Kichwa chake kama ndoo ya maji. Huyo akibweka Iringa, Ilula nyanya zinaiva kabla ya wakati. Bosi akasema, "Ingia umlishe." Nikaingia na sufuria. Kanali akanitazama, akanipita katikati ya miguu, akatoka nje, mlango ukajifunga. Komeo lilikuwa la nje. Asubuhi yote nimekaa bandani na ugali wa mbwa mkononi, na Kanali amekaa mlangoni ananilinda, mtulivu, kama yeye ndiye aliyeajiriwa. Wenzangu walipokuja walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuonja ule ugali.

Somo la kwanza hilo: kabla hujamtazama mbwa, tazama komeo liko upande gani.

Baadaye nikaoa Rungwe, mke akanivuta Mbeya, na Mbeya nikapata kazi ya kumshikia mbwa Daktari Sekela. Huyu alikuwa daktari wa mifugo, Mnyakyusa mfupi, sauti yake ukiisikia simuni unasimama wima. Watu walimwita bwana mifugo, ndivyo walivyozoea. "Bwana mifugo amefika, amevaa kitenge." Yeye anachoma sindano, mimi nashika. Kazi yangu yote miaka hiyo ilikuwa hiyo: kushika. Kuna wanaoshika fedha, kuna wanaoshika madaraka, mimi nashika mbwa.

Na Mhehe kama mimi, Mnyalukolo wanavyotuita, kushika mbwa hadharani, jamani, utani wake mnaujua: eti mbwa kwetu ni kitoweo. Siku ya chanjo pale mtaa wa Soweto, hapahapa Mbeya, akina mama wanapanga foleni, kila mmoja na mbwa wake kwenye kamba ya katani.

"Daktari, huyu Mnyalukolo ndiye anashika?"

"Ndiye."

"Mbwa mnawahesabu wakati wa kuingia na wakati wa kutoka?"

Mimi simwachii. "Mama, wa kwako hata mchuzi hatoi. Mnenepeshe kwanza, nitapita Krismasi."

Basi foleni nzima inacheka, na mbwa watu wakicheka wanalegea. Hilo nalo ni somo. Mbwa anasoma mabega ya mwenye kamba. Mwenye kamba akitetemeka, mbwa anajua kuna jambo.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Kamba ya kitanzi niliyosuka mwenyewe, laini, ndefu kuliko subira yangu. Mfuko wa dagaa kwenye koti, mpaka paka wa mtaa mzima walikuwa wananisindikiza nyumbani kama mimi ni bwana harusi. Na mfuniko wa sufuria, huo nitausema mbele. Daktari alikuwa na boksi lake la barafu la kutunzia dawa, na hilo hata mimi sikuruhusiwa kulikalia.

Kushika nilifundishwa naye. Mwanzoni nilishika kama polisi. Siku moja akaweka sindano chini, akasema, "Kihwele, umewahi kumbeba mtoto wa mwenzio?"

"Nimewahi, Daktari."

"Ulimbana hivyo?"

"Hapana."

"Ulimwacha aanguke?"

"Hapana."

"Basi katikati ya hapo ndipo pa kumshikia mbwa."

Sijapata mwalimu mwingine, na sikuhitaji.

Sasa mtu ukishika mbwa wa watu muda mrefu, watu wanaanza kukuuliza. "Mnyalukolo, nina watoto wadogo, nataka mbwa wa nyumbani, nichukue yupi?" Na hapa ndipo kichwa kilikuwa kinaniuma, maana watu wa huku wana njia yao. Wanaenda penye watoto wa mbwa, wanamwinua mmojammoja kwa mkia. Anayelia anarudishwa. Anayenyamaza, huyo! Wanampanua mdomo, wakiona kaakaa jeusi wanapiga makofi: mkali huyu! Wanampeleka nyumbani, wanamfungia kwenye banda la mbao mchana kutwa asizoee watu, wanamchanganyia pilipili kwenye makande, jioni ndiyo anafunguliwa. Mbwa anakua hajui sura ya mtu. Anajua miguu tu, kupitia uwazi wa mbao. Halafu kwenye nyumba hiyohiyo kuna mtoto ameanza kutembea juzi.

Nimewaambia watu mpaka koo likakauka: mtoto wa mbwa anayenyamaza ukimwinua mkia siyo shujaa. Pengine amekuogopa mpaka sauti imekwama. Hebu nikuinue wewe kwa sikio, nikuone. Na mdomo mweusi ni rangi tu, hata chungu cheusi kinapika uji mtamu.

Sasa niwape kesi iliyonitoa jasho kuliko zote.

Pale Soweto kulikuwa na mama mmoja, Mama Tumaini. Watoto wawili: Tumaini, binti wa darasa la kwanza, msemaji kama redio, na Baraka, kadume kadogo kametoka kutambaa, kanatembea kama kamekunywa. Baba yao alikuwa kwenye dhahabu Makongolosi. Anakuja, anakaa kidogo, anaondoka. Na akiondoka wezi wanajua. Walishachukua kuku, wakachukua kamba ya nguo pamoja na nguo zake, wakachukua na sufuria yenye maharage, moto wakauacha. Kwa hiyo Baba Tumaini alileta mbwa kutoka Makongolosi, amemchagua mwenyewe kwa mkia. Akamwita Chuma. Akamfungia kwenye banda uani.

Siku moja Mama Tumaini akanifuata kwenye foleni ya chanjo, Baraka mgongoni.

"Baba, naomba uje nyumbani. Huyu mtoto anaingiza mkono bandani. Anampa mbwa ugali."

"Mbwa anafanyaje?"

Akamgeuza Baraka. Mkono wa sweta ulikuwa umechanika kuanzia kiwiko mpaka chini. Ngozi ilikuwa nzima. Sweta tu.

Nilipouona ule mchaniko sikutania tena siku hiyo. Nikamwambia, "Mama, huyu mbwa aondoke. Leo."

"Baba yake hataki. Nimempigia. Anasema mbwa anawajua watoto, nisimharibie mbwa."

Baba Tumaini akarudi Jumapili, tukaenda mimi na Daktari watu wakiwa wametoka kanisani. Tumemkuta amekaa kwenye kigoda, buti bado zina vumbi jekundu. Akatukaribisha vizuri, chai ikaletwa, lakini kwenye habari ya mbwa alikuwa jiwe.

"Daktari, huyu mbwa nimemwinua mwenyewe kwa mkia. Kimya! Nimempanua mdomo, ndani mweusi kama sufuria la msibani. Mbwa kama huyu hupati tena."

"Baba, nyumba ina mtoto mdogo."

"Anawajua. Kila siku anawasikia."

"Kusikia siyo kujua," Daktari akasema. "Mimi kila usiku namsikia jirani yangu akikoroma, na bado simjui."

Mimi nikasema, "Mzee, kama anawajua, ngoja nimvalishe kamba, tumtoe taratibu, watoto wakiwa ndani, tumwone."

"Kamba ya nini kwangu?" Akainuka. "Nitawaonyesha sasa hivi."

Na kabla sijaweka kikombe chini amevuta komeo.

Hapa chumvi naweka pembeni.

Chuma alitoka. Mbwa mkubwa, mrefu, manyoya yamesimama mgongoni kama mswaki. Akasimama katikati ya ua. Mchana ulikuwa unamuumiza macho, hakuuzoea. Baba Tumaini akanyoosha mkono, "Chuma, Chuma, ni mimi." Mbwa akanusa ile suruali yenye vumbi la Makongolosi akaanza kunguruma. Yule alikuwa anamwona mwenye nyumba kama mgeni. Mgeni kweli, anakuja mara moja moja, mbwa amjue wapi?

Mama Tumaini alikuwa mlangoni jikoni amembeba Baraka. Baraka akamwona rafiki yake wa ugali, safari hii mzima, siyo pua tu. Akateleza mikononi kama sabuni. Akakimbia, tonge mkononi. Mama akapiga yowe. Mbwa akasikia yowe, akaona kitu kidogo kinakuja mbio, akageuka.

Mimi siwezi kusema niliwaza nini, sikuwaza. Nilimwangukia yule mbwa kwa mwili wote kama mtu anayeangukia mpira golini. Mkono mmoja shingoni, mwingine ukaingia mdomoni. Meno yakakutana na mfupa wangu, vikasalimiana. Nikasikia Daktari, sauti ileile, haijapanda hata kidogo: "Usimwachie. Usimpige. Nakuja na kitanzi." Na kweli sikumbana kumkomesha, nilimshika asiende, kama nilivyofundishwa, ila mtu kufundishwa na mtu kung'atwa kwa wakati mmoja ni shughuli. Kitanzi kikaingia, tukamrudisha bandani, komeo likafungwa.

Mama Tumaini alikuwa amemnyakua Baraka. Mtoto analia, siyo kwa mbwa, analilia tonge lake. Tonge tulilikuta chini ya kifua changu, limekuwa chapati.

Daktari alinivuta bombani, akasugua mkono kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda mrefu mpaka vidole vikafa ganzi, halafu moja kwa moja hospitali. Hili mlikariri, vijana, na mwambieni kila mtu: umeng'atwa, maji mengi, sabuni, hospitali, hata kama mbwa ana cheti cha chanjo. Siyo mafuta ya taa. Siyo unga wa kahawa. Siyo mganga. Kichaa cha mbwa hakina utani na Mhehe wala Mnyakyusa.

Niliporudi na bandeji nimemkuta Baba Tumaini pale pale, amekaa chini, siyo kwenye kigoda. Akasema, "Nitamwekea sumu."

Daktari akamjibu, "Kwa kosa gani? Mlimfundisha asimjue mtu, amefaulu. Mbwa huyu anaenda kwa mtu asiye na watoto."

Akaenda kweli, kwa mzee mmoja wa mbao kule Mafinga, anaishi peke yake na magogo yake. Mzee yule alikuwa anashinda naye mchana, anamsimulia habari za mbao. Nasikia Chuma alitulia mpaka akaanza kusinzia katikati ya hadithi, kama sisi wote.

Lakini nyumba ya Soweto sasa haina mbwa, na Baba Tumaini anarudi Makongolosi. Akanishika bega la mkono mzima.

"Mnyalukolo, umemwokoa mwanangu, asante. Lakini wezi bado wapo. Tafuta mbwa. Nikirudi nikakuta hujapata, namleta ndugu yake Chuma, wamezaliwa tumbo moja. Jamaa yangu ananiwekea."

"Nitapata."

"Asiyebweka simtaki."

"Nimesema nitapata."

Mama Tumaini alikuwa amesimama nyuma yake. Alinitazama tu, na mimi nikajua mbwa huyo wa pili akiingia ile nyumba, siku moja mimi sitakuwepo uani.

Basi nikaanza kutafuta. Nilizunguka Mbeya nzima, nikazunguka mpaka mlima Loleza ukaanza kunisalimia kwa jina. Watu wakanipa watoto wa mbwa, wazuri, wa kutia mfukoni. Nikakataa. Nyumba yenye mtoto aliyeanza kutembea juzi, mtoto wa mbwa wa nini? Hao ni watoto wawili. Mmoja anakojoa kitandani, mwingine chini ya kitanda. Halafu mtoto wa mbwa anaota meno, anatafuna kila kidole, na hujui akikua atakuwa nani. Mimi nilitaka mtu mzima, mbwa ambaye tabia yake imeshatoka nje inaonekana.

Sasa mfuniko wa sufuria. Nikifika kwa mtu, kwanza nakaa, nakunywa chai, namwacha mbwa. Halafu naangusha mfuniko sakafuni, kwangala! Mbwa asiyeshtuka kabisa, huyo hasikii au amekata tamaa. Mbwa anayeingia uvunguni hatoki mpaka kesho, huyo mtoto mmoja akipiga kelele kazi imeisha, na mbwa mwenye hofu ndiye anayeng'ata. Mbwa anayerukia mfuniko auue, kwaheri. Ninayemtaka ni yule anayeshtuka, anaruka pembeni, halafu anarudi mwenyewe kunusa: hii ni nini? Hapo ndiyo namfinya vidole kidogo kama mtoto anavyofinya, namvuta sikio, nasogeza sahani yake kwa fimbo akiwa anakula. Na yote hayo nafanya mimi. Mtoto siyo kipimo. Usimpeleke mtoto ili uone kama mbwa anang'ata, maana jibu utaliona.

Mbeya nzima niliangusha mfuniko mpaka ukapinda, na mbwa sikupata. Mmoja alipita yote, mwenyewe akakataa kumtoa, na nilimwelewa.

Siku zinakwenda. Nikapata msiba nyumbani, kijijini kwetu njia ya Kilolo, nikaenda. Tumezika, wanaume wakasema tupitie kwa Mama Semeni tukaondoe vumbi kooni. Mama Semeni ana kilabu cha ulanzi, na ulikuwa msimu wake, mianzi inatiririka mpaka nyuki wanayumba. Nimekaa kwenye benchi, mbele yangu amelala mbwa jike, rangi ya mchanga, sikio moja limekunjika kama bahasha.

Mzee mmoja akainuka kwenda kuimba, akamkanyaga. Mbwa akainuka, akamtazama, akasogea, akalala. Mzee akaanza kuimba, sauti kama bati linavutwa barabarani. Mbwa akatikisa sikio, akalala. Mwingine akaanguka juu yake kabisa, mzima mzima. Mbwa akajivuta polepole kutoka chini ya mlevi, akamlamba sikio, akahamia upande wa pili wa benchi. Wajukuu wa Mama Semeni wakaja wakamvalisha kofia. Nikakaa wima. Mimi nazunguka Mbeya na mfuniko, kumbe hapa kuna mbwa ameshafanya mitihani yote, na kila siku anarudia.

"Mama Semeni, huyu anaitwa nani?"

"Hayawahusu."

"Nani?"

"Hayawahusu. Kwa ajili ya majirani wanaokisema kilabu changu."

"Ameshawahi kung'ata mtu?"

"Mwanangu, hapa angetaka kung'ata angeanzia wapi?"

"Analinda?"

Akacheka. "Amlinde nani? Hapa kila anayeingia ni mteja."

Nikajua Baba Tumaini hilo hatalipenda. Lakini nilijua jambo moja: nyumba yenye Baraka inahitaji kwanza mbwa asiyemdhuru Baraka. Kubweka tutaongea baadaye. Nikamweleza Mama Semeni kila kitu, sweta, tonge, mkono wangu. Alisikiliza bila kumimina mtu ulanzi, na kwa Mama Semeni hiyo ni ibada.

"Chukua," akasema. "Watoto wake wawili watabaki na mimi. Ila sharti moja. Huyu hajafungiwa tangu azaliwe. Ukimfungia mchana, mrudishe."

Basi la Mbeya likatukataa. Tukapata lori la nyanya. Makambako tumesimama, mchoma mahindi akaja dirishani akaniona Mhehe nimepakata mbwa.

"Mnyalukolo, umebeba chakula cha njiani?"

"Hapana, huyu ndiye dereva wa akiba."

Lori zima kicheko. Hayawahusu akapewa punje za mahindi, akala kwa adabu.

Soweto nilipofika, kitu cha kwanza nilichukua nyundo nikang'oa mlango wa banda. Majirani wakaja kushangaa. "Mbwa atakuwaje mkali bila mlango?" Nikaendelea kugonga. Siku ya kwanza mtoto na mbwa hawakugusana. Baraka kapakatwa na mama, mimi nimeshika kamba, mbwa aje mwenyewe akitaka. Akaja, akanusa miguu, akapiga chafya, akaenda kulala. Kesho hivyo hivyo. Tukamfundisha Tumaini sheria: mbwa akila, mwache, akilala, mwache, akiwa na watoto, hata usimtazame sana. Tumaini akawa polisi wa nyumba, akamkamata mpaka bibi yake siku aliyomruka mbwa akilala. Na Mama Tumaini nilimwambia: hata mbwa awe malaika, Baraka asibaki naye bila macho ya mtu mzima. Akatii. Tatizo likawa jina tu. Mama akisimama mlangoni akiita "Hayawahusu!" jirani mmoja aliacha kumsalimia karibu mwezi.

Baba Tumaini tulimwambia kwa simu.

"Mbwa wa kilabuni?"

"Ndiyo."

"Wa kike?"

"Ndiyo, Mzee."

"Na anapenda watu wote?"

"Watu wote."

"Mnyalukolo, umeniletea mhudumu. Nakuja mwenyewe. Yule ndugu yake Chuma jamaa ameshamfunga kamba, nikiona huyo wenu ni wa kuchekea wageni, analetwa wiki hiyohiyo."

Siku aliyofika nilikuwa Uyole kwenye chanjo, mguu wa mbwa mkononi, simu ikalia. Nikaibana begani. Ni Baba Tumaini, anahema.

"Mnyalukolo! Mbwa wako ananizuia kuingia kwangu!"

"Amekung'ata?"

"Hajaning'ata! Nikisogea anasogea. Nikirudi anakaa. Anabweka mpaka mtaa mzima umetoka, wananitazama mimi kama mwizi!"

"Baraka yuko wapi?"

"Nyuma ya mbwa, anakula mchanga."

"Mama yake?"

"Yuko hapo hapo karibu naye. Ananiona! Anacheka! Namwambia mwite mbwa wako, hamwiti!"

"Anasemaje?"

Nikasikia kubweka, kuzito, kwa kutulia, siyo kubweka kwa hofu. Mimi mwenyewe sikujua kama anayo sauti hiyo. Daktari Sekela aliisikia mpaka alipokuwa amesimama, akashusha sindano.

"Mzee, Mama Tumaini anasemaje?"

"Anasema," akameza mate, "anasema hamwiti mpaka nikuambie wewe kwenye simu, yeye akisikia, kwamba yule mbwa wa Makongolosi haji."

"Basi niambie."

"Nina gunia la mchele kichwani."

"Niambie haraka, ulitue."

Majirani nawasikia wanacheka.

"Yule mbwa wa Makongolosi haji."

"Mtandao mbaya, Mzee, sijasikia."

"MNYALUKOLO! YULE MBWA WA MAKONGOLOSI HAJI!"

Na kwa mbali, taratibu, bila haraka yoyote, nikamsikia Mama Tumaini:

"Hayawahusu, njoo huku, mama. Mwache baba apite."